Moyo Niliouona Kwenye Kioo

Nilianza kutokwa na matone ya damu asubuhi moja nikiwa nimeketi kwenye cherehani. Banda langu la ushonaji liko Tunduma, kando ya barabara ambako malori hupanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Zambia. Nashona sare za shule na magauni ya vitenge, na wateja wangu wengi wanatoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Wao huniita "mayo", yaani mama kwa Kibemba. Kila mwanamke mzima wanamwita hivyo, ni heshima tu, lakini miaka ile neno hilo lilikuwa likinichoma kila nilipolisikia.

Nilikuwa na mimba changa, na kabla yake nilikuwa nimeshapoteza moja. Ile ya kwanza ilitoka nyumbani kabla sijaenda kliniki, kabla hata sijaizoea. Ilikuja kama hedhi nzito iliyochelewa, ikaisha, nikafua mashuka na kurudi kazini. Kwa hiyo asubuhi ile nilipoona damu tena sikulia. Nilikunja kitambaa nilichokuwa nakishona, nikampigia simu mume wangu. Yeye ni wakala wa mizigo pale mpakani, na mchana huwa hapokei simu kwa sababu ya makelele ya madereva. Siku hiyo alipokea. Alikuja na bajaji, tukaenda hospitali.

Daktari aliagiza nipigwe altrasaundi. Sikuwahi kuiona mashine hiyo. Mtaalamu wa picha alikuwa mwanamke wa makamo anayezungumza polepole, kama mtu anayepima kila neno asije akakutisha. Alizungusha kile kifaa chini ya kitovu changu, akatazama kioo kwa muda, kisha akanionyesha doa jeusi, dogo, kama tundu lililotobolewa na sindano.

"Mfuko wa mimba upo, mama, na umekaa mahali pake," alisema. "Mtoto bado haonekani. Ni mapema mno. Pumzika, urudi baada ya wiki mbili tutazame tena."

Mume wangu alikuwa nje kwenye benchi. Nilipomwambia, alishusha pumzi, akaniuliza kama nimekula. Yeye ndivyo alivyo, akifurahi anauliza habari ya chakula.

Jioni alimpigia mama yake. Mama mkwe wangu anaishi Igamba, kwenye shamba la kahawa na mahindi aliloachiwa na marehemu baba mkwe. Ni Mnyiha wa kule kule, na Kiswahili chake hupanda na kushuka kama njia za milima yao. Alinitaka kwenye simu.

"Umeenda kupigwa picha ya tumbo?"

"Ndiyo, mama. Niliona damu."

"Mwanangu, kitu ambacho Mungu amekifunika, nani kakuambia ukakichungulie? Mtoto akiwa bado damu haangaliwi. Ile taa inamuunguza."

Nilimwambia daktari ndiye aliyeagiza. Akasema sawa, atatuombea. Lakini siku iliyofuata wifi yangu, binti yake wa mwisho, alinitumia sauti iliyokuwa ikizunguka kwenye kundi la WhatsApp la akina mama wa kanisani kwao. Alikuwa mwanaume nisiyemjua, mwenye sauti nzito ya kutulia, akisema kwamba mashine za picha zina mionzi inayopika ubongo wa mtoto mchanga tumboni, na kwamba hospitali zinajua na zinanyamaza. Hakutaja jina lake wala alikosoma. Mwishoni alisema, "Okoa kizazi chako." Chini yake wifi aliandika, "Mama kanilazimisha nikutumie. Usiogope sana."

Wifi huyu alikuwa kama mdogo wangu wa kuzaliwa. Kabla hajaolewa alikaa kwangu Tunduma akijifunza kushona, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Aliolewa na kijana dereva wa malori ya kwenda Kongo, akarudi kuishi Igamba, nyumba chache kutoka kwa mama yake, kwa sababu mumewe hakuwa mtu wa kukaa nyumbani.

Niliisikiliza ile sauti mara nyingi kuliko nilivyopaswa. Nilikuwa nikiiweka sikioni bandani, huku malori yakiunguruma nje, nasikiliza mpaka mwisho, naianza tena. Sikuiamini. Lakini mtu aliyewahi kupoteza hahitaji kuamini ndipo aogope.

Wiki mbili zilipokwisha nilirudi. Nilikaribia kutokwenda. Mume wangu alisema, "Kama kutokwenda ni kwa amani ya moyo wako, tukae. Kama ni kwa sababu ya maneno ya mama, twende." Tukaenda.

Yule mtaalamu alinikumbuka. Safari hii alikigeuza kioo kabisa upande wangu, akaweka kidole juu yake. "Huu hapa moyo, mama."

Ulikuwa unapepesa. Ni kitu kidogo mno, kama taa ya pikipiki inayokuja kutoka mbali kwenye ukungu wa Mbozi, inaonekana na kupotea, inaonekana na kupotea. Sikujua kwamba nimeshika ukingo wa kitanda mpaka aliponiambia nilegeze mkono.

"Dada," nilimuuliza, "hii picha haimdhuru? Watu wanasema ina mionzi."

Hakunicheka. "Si kama eksirei," alisema. "Eksirei ndiyo ina mionzi. Hii ni sauti, mawimbi ya sauti ambayo sikio la mtu halisikii. Yanakwenda, yanagonga, yanarudi, mashine inatengeneza picha. Hatujaona ikimdhuru mtoto inapotumiwa kama inavyotakiwa. Ila hatuichezei. Tunapima kwa sababu, tena kwa muda mfupi, halafu tunaacha." Na kweli alikuwa ameshakiondoa kile kifaa tumboni kwangu. Alinipa karatasi laini nijifute.

Niliondoka na furaha ambayo sijawahi kuipata tena. Lakini hata njiani nilikuwa nikijiuliza: kama haina ubaya, kwa nini hawaichezei? Na kwa nini aliondoa haraka?

Siku zilizofuata nilikuwa mgonjwa kama inavyotakiwa. Harufu ya vitunguu ilinitoa ndani, harufu ya dizeli ilinitapisha, nililala nikiwa nimeketi. Kisha asubuhi moja niliamka mzima. Nilikaanga vitunguu, nikala. Jirani aliniambia nimebarikiwa, kichefuchefu chake kilimtesa mpaka siku ya kujifungua. Nilicheka naye, lakini mwili wangu ulikuwa kimya, na kimya kile nilikitambua. Kilikuwa kimya cha nyumba ambayo mgeni ameondoka bila kuaga.

Nilirudi hospitali safari ya tatu. Mtaalamu alizungusha kifaa, akazungusha tena, kisha mkono wake ukatulia. Kioo hakukigeuza. Alitoka akamwita daktari, wakatazama wote wawili. Mimi nilikuwa nikitazama dari. Kulikuwa na alama ya maji ya mvua iliyovuja, yenye umbo la sufuria.

"Pole sana, mama," daktari alisema. "Moyo umesimama."

"Tangu lini?"

"Kwa ukubwa huu, inaelekea ulisimama siku chache tu baada ya kile kipimo cha pili."

Alisema kwa nia njema, maana nilimuuliza. Kama angejua maneno yale yangekaa wapi ndani yangu, labda angesema hajui. Siku chache baada ya kipimo. Nilimuuliza waziwazi kama ni picha ndiyo imemuua. Akavuta kiti akaketi. Alisema mimba changa zikiharibika, mara nyingi kosa huwamo tangu mwanzo, katika kuumbika kwenyewe. Moyo unaanza lakini hauwezi kuendelea. Alisema ningeweza kutopigwa picha hata moja na bado ungesimama siku ile ile, tofauti ni kwamba nisingejua mpaka damu itoke. Nilimsikia. Nayakumbuka maneno yake yote mpaka leo, na naamini alisema kweli. Ila kuna sehemu ndani ya mtu ambayo maelezo hayafiki.

Walinisafisha kizazi. Mume wangu alinirudisha nyumbani akanipikia uji, ukaungua chini, tukaunywa hivyo hivyo.

Mama mkwe alikuja kesho yake na mkungu wa ndizi na kuku. Kwa siku kadhaa aliniogesha, alinikanda tumbo kwa maji ya moto, alinilisha kwa mkono kama mtoto. Sijawahi kutunzwa vile tangu mama yangu mzazi afariki. Naandika hili ili asionekane mwanamke mbaya. Alikuwa na mikono migumu ya shamba, na akinigusa alikuwa akigusa taratibu sana.

Siku moja, akinimenyea ndizi, alisema bila kunitazama, "Nilikuambia, mwanangu."

"Mama, daktari amesema si picha."

"Daktari anakula kwa mashine ile. Atasema nini?"

"Na ile ya kwanza? Ile hakuna aliyeipiga picha."

Alifikiri. "Ile ya kwanza ilikuwa damu tu. Hii ilikuwa na moyo. Uliuona mwenyewe, kwa macho yako. Wakaumulika, ukazimika."

Mume wangu alikuwa mlangoni. "Mama, achana na hayo," alisema, lakini kwa sauti ya mtu asiye na uhakika. Kisha akatoka nje. Nilimwona dirishani amesimama uani akitazama ukuta. Hapo ndipo nilipojua kwamba na yeye alikuwa akifikiri hivyo hivyo. Hatukulizungumza kamwe. Tulilala kitanda kimoja na swali moja, kila mmoja akiligeukia upande wake.

Miezi ikapita. Nilishona. Watu walileta vitambaa, wakachukua nguo. Nilikuwa nikiota kile kioo, na ndotoni moyo ulikuwa ukipepesa mpaka mimi nilipoutazama.

Msimu wa kuchuma kahawa ulipofika tulikwenda Igamba kusaidia, kama kila mwaka. Asubuhi kule ni baridi, majani ya mibuni yanakulowesha mikono mpaka viwikoni. Wifi alikuwa akichuma mstari mmoja na mimi. Alikuwa amekonda kidogo usoni na ana furaha ya kificho. Nilijua kabla hajaniambia.

"Mama anajua?" niliuliza.

"Anajua. Amesema nisimwambie mtu mpaka tumbo lijitangaze lenyewe. Lakini wewe si mtu, wewe ni wifi yangu."

Nilimkumbatia kati ya mibuni, kapu lake likadondoka, tukaokota punje huku tukicheka. Ndipo nilipoona anashika ubavu anapoinama.

"Nini?"

"Panauma kidogo huku upande mmoja. Na juzi niliona damu, kidogo tu, ya rangi ya chai. Mama amesema ni mtoto anajishikiza."

Nilisimama. Nilimwambia aende hospitali. Nilimwambia kesho, twende wote Vwawa, nitamsindikiza. Aliendelea kuchuma.

"Watanipiga picha," alisema.

"Ndiyo. Wakupige. Waone mtoto amekaa wapi."

"Nimesikia kwamba ikiwa changa hivi ndiyo mbaya zaidi."

"Mtaalamu wa picha aliniambia haina madhara. Ni sauti tu, wala si mionzi. Nenda, nakuomba."

Alinitazama. Hakuwa na ukali wowote, na alisema kwa upole ambao bado nausikia. "Wewe ulikwenda, wifi."

Ningesema nini? Nilikwenda, tena mara tatu, na nilirudi mikono mitupu. Mimi ndiye niliyekuwa ushahidi wao.

Hata hivyo jioni nilimfuata mama mkwe jikoni, nikamwambia maumivu ya upande mmoja si mazuri, apelekwe. Alisema amezaa watoto wake wote na kila mmoja alimuuma mahali pake. Alisema, "Mimi nimeshamzika mjukuu mmoja kwa mashine ile. Wa pili sitawapa." Nikamwambia mume wangu. Akasema atazungumza na mama. Alizungumza naye kweli, niliwasikia wakijibizana kwa Kinyiha, na niliposikia sauti yake ikishuka nilijua ameshindwa. Nilimpigia simu mume wa wifi, yule dereva. Alikuwa Kongo, simu haikupatikana. Kulipokucha tulirudi Tunduma kwa sababu ya kazi.

Ilikuwa Jumapili kule Igamba, ibada imekwisha, watu wakiwa bado wamesimama nje ya kanisa. Wifi alikuwa amevaa sare ya kwaya, niliyoishona mimi. Waliokuwepo wanasema alilalamika bega linamuuma, akasema labda alilalia vibaya. Kisha akaomba akae chini. Akaketi kwenye nyasi, akalala ubavu. Wakadhani ni njaa au jua. Mtu akamletea maji. Alikuwa mweupe midomoni.

Walimpakia kwenye gari la muumini mmoja kwenda hospitali. Mama yake alimpakata kichwa. Barabara ya kutoka kule ni mbovu, na gari lilikuwa likikwenda kasi na kuruka, na mama akimwambia dereva apunguze, anamuumiza mtoto, kisha akimwambia aongeze. Alifia njiani. Mama mkwe hakujua. Alifika akiwa anampepea kwa ukingo wa khanga.

Mume wangu na mimi tulifika baadaye. Daktari alitueleza kwenye korido. Mimba ilitunga nje ya mfuko wa uzazi, kwenye mrija. Ilikua mpaka mrija ukapasuka, damu ikajaa tumboni. Maumivu ya bega, alisema, yalikuwa ile damu ikisukuma kutoka chini. Kisha akauliza swali ambalo nadhani huwauliza watu wote, bila ubaya wowote, "Hakuwahi kupimwa altrasaundi?"

Mume wangu alisema hapana. Mama mkwe alikuwa kwenye benchi, karibu, amesikia kila neno.

Tulimzika kwenye shamba, kando ya kaburi la baba yake. Mumewe alifika siku ya tatu, na vumbi la safari bado kwenye nywele. Hakujua kama alikuwa na mimba. Yeye, wifi, alikuwa amepanga kumwambia akirudi. Sisi ndio tuliomwambia, kwamba alikuwa na mimba na kwamba ndiyo iliyomuua, yote mawili kwa pamoja.

Mama mkwe hakulia msibani. Wanawake walisema ni mshtuko. Alikuwa akitoa maelekezo ya maji, kuni, na mahali pa wageni kulala. Hakuna aliyemlaumu kwa maneno. Sauti ile ya WhatsApp bado ilikuwa ikizunguka. Dada mmoja wa kwaya alinitumia wiki hiyo hiyo, akiwa amesahau mimi ni nani. Niliifuta.

Tangu hapo sijashika mimba. Mwanzoni tulikuwa tukihesabu miezi, sasa hatuhesabu. Mume wangu ameanza kwenda na mizigo mpaka ndani ya Zambia, kazi ambayo zamani alikuwa akiwaachia vijana. Akiwa nyumbani ni mwema kwangu, ananiuliza kama nimekula, lakini swali hilo sasa halina furaha ndani yake. Watu wananishauri niende Mbeya nikapimwe, nikaangaliwe kizazi kwa mashine. Ninasema nitakwenda. Sijakwenda. Najua haina madhara, ningeweza kumweleza mtu yeyote vizuri kabisa namna mawimbi ya sauti yanavyokwenda na kurudi. Kisha nafikiria kulala pale na kusubiri mkono wa mtu utulie, na miguu inakataa.

Mwaka jana nilikwenda Igamba peke yangu. Mama mkwe amezeeka ghafla. Shamba amewakodisha watu, nusu ya mibuni imevamiwa na magugu. Tuliketi jikoni, ameinjika maharage, mimi nachambua mboga za maboga. Tulikuwa tumezungumza habari ya mvua na ya bei ya mbolea. Kisha akaniuliza, akiwa anatazama moto.

"Wangeiona?"

Nilielewa anauliza nini. Nilifikiria kumwambia sijui. Lingekuwa jambo la huruma, na hakuna mtu ambaye angenishtaki. Lakini alikuwa ameubeba ule mzigo muda mrefu kiasi kwamba nilidhani ana haki ya kujua uzito wake.

"Wangeiona, mama," nilisema. "Wangeona haijakaa mahali pake. Wangempasua mapema, wakaitoa. Mimba ingepotea, lakini yeye angebaki."

Aliitikia kwa kichwa. Hakuonekana kushangaa. Alichukua kipande cha kuni akakisogeza ndani, akakitazama kikishika moto.

"Na ya kwako," alisema baadaye. "Ya kwako iliuawa na nini?"

"Sijui, mama. Daktari alisema ni kuumbika kwake. Hakuna anayejua zaidi ya hapo."

"Mimi nilijua," alisema. "Nilikuwa na uhakika kabisa."

Nilitaka kumshika mkono, sikuweza. Nilikuwa nimempenda na kumchukia kwa muda mrefu mno, na siku ile vyote viwili vilikuwa vimechoka. Moshi ulikuwa ukituingia machoni, wote tukapata kisingizio cha kuyafuta. Baada ya kitambo aliniambia niongeze maji kwenye chungu, maharage yanakauka. Nikainuka nikaongeza.